Ua Lisipoozwa, Linaoza

Mwezi nilioachishwa kazi sikulipwa hela, nililipwa mashuka. Mashuka kumi na mawili meupe, na pasi ya mkaa yenye mpini uliolegea. Mwenye nyumba ya wageni aliyapanga juu ya meza ya mapokezi, akaenda kunawa mikono kwenye ile ndoo ya bomba iliyowekwa mlangoni, akarudi akasema, "Mama, wageni hakuna, na wewe umeona mwenyewe. Chukua hivi. Mambo yakikaa sawa nitakuita."

Huo ulikuwa mwaka wa kwanza wa korona. Wageni walisharudi zamani, vyumba vimepakwa rangi mpya, na mimi sijaitwa. Majina ya waliokosea sitayaandika, lakini kila mmoja nitaonyesha alipokuwa amesimama, na mwenyewe atajijua. Huyo ndiye wa kwanza.

Nilimfulia mashuka miaka kumi na minne, pale Bukoba mjini, nyuma ya jengo, upande unaopigwa na upepo wa ziwa. Shule niliishia darasa la tano. Ninachokijua mimi ni madoa. Nikiona doa najua kama ni chai, ni damu, ni mafuta ya nywele au ni tope la shamba, na najua lipi litatoka na lipi nisijisumbue nalo.

Nilipanga chumba mtaa wa Bakoba, hapo hapo mjini. Mwenye chumba, mama mmoja wa Kiislamu mwenye roho nzuri, alinivumilia miezi miwili, halafu siku moja akasimama mlangoni akiangalia chini. "Dada," akasema, "na mimi nakula hicho hicho chumba." Nikaelewa. Sina neno naye.

Siku zile mjini kila mtu alikuwa anatafuta pa kuficha kidogo alichobaki nacho. Muuza vitenge aliyepanga chumba cha pili aliweka mtaji wake kwenye mchezo wa simu, unaweka leo, wiki ijayo unavuna mara mbili. Alivuna mara moja, akaenda kuwaita dada zake. Bwana aliyewaingiza alikuwa msafi, ana kalamu mfukoni, alikuwa anakuja pale uani kunywa chai yetu. Wa pili huyo. Simu yake ilipozimika, muuza vitenge alikaa kizingitini asubuhi nzima na kile kisimu mkononi, anakibonyeza, anakibonyeza. Mimi nikafunga mashuka yangu kwenye kanga nikapanda basi kwenda kwetu Muleba.

Kwetu ni kibanja cha baba yangu, yaani migomba, mibuni katikati ya migomba, na nyumba katikati ya hayo yote. Baba amelala humo humo kibanjani, kaburi lake liko karibu na mti wa mlimau. Mama alikuwa peke yake. Lakini kwetu Wahaya kibanja cha ukoo hakibaki kwa mjane wala hakiji kwa binti, tena binti mwenyewe aliyeachika, hana mtoto, anarudi na furushi. Msimamizi alikuwa baba yangu mdogo, aliyejenga hapo hapo, upande wa chini. Huyu ni wa tatu, na ndiye mkubwa wao.

Alinipokea vizuri, siwezi kusema uongo. Aliniletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo kama mgeni wa heshima. Nikatafuna, nikamuuliza, "Baba mdogo, kahawa ya mwaka huu imekaaje?"

"Imekaa vizuri," akasema. "Imeshauzwa."

Nje mibuni ilikuwa imejaa maua meupe. Hakukuwa na tunda hata moja. Alikuwa ameiuza kwa butura, yaani mnunuzi wa mjini anakuja kahawa ikiwa bado ua, anakupa kidogo leo, na siku ya kuvuna mzigo wote ni wake. Serikali inakataza, mapadri wanakataza, na kila nyumba yenye shida inafanya. Baba mdogo alikuwa ameuza maua ya mwaka ule na ya mwaka uliofuata. Maua ambayo yalikuwa bado hayajaota!

Mama alisubiri mpaka shemeji yake aondoke. "Ndizi zipo za kula," akasema. "Kahawa ina mwenyewe. Kilichobaki ni zile kamba za baba yako."

Kamba zenyewe ni vanila. Baba alizipanda zamani, wakati kila mtu Kagera anapanda vanila na watu wanazilinda kwa mapanga. Bei ikaanguka, baba akaapa hatazigusa tena, akafa hajazigusa. Zilikuwa zimepanda juu ya mibono, miti aliyoziegemeza, mpaka mkono haufiki, nene, za kijani, zinaning'inia huko juu bila faida. Nilimuuliza mama zinazaaje.

"Zikiwa juu hivyo haziwezi kuzaa," akasema. "Zinajisikia. Mpaka uziteremshe."

Jioni hiyo nikamwonyesha mashuka. Nilikuwa nimepanga kuyauza ninunue mafuta na unga, nikaange maandazi pale njia panda. Mama aliyashika, akayanusa, akasema, "Na nani atakula maandazi yako? Watu wote njia panda wamekaa wanauza maandazi. Mwanangu, mbona rweya imejaa nyasi na kibanja chetu kiko uchi?"

Rweya ni ile mbuga ya nyasi iliyo nje ya vijiji vyetu. Tangu zamani watu wa kwetu wanakata nyasi huko, wanabeba kichwani, wanatandaza kwenye migomba, nyasi zinaoza, udongo unanona. Tangu baba afe hakuna aliyebeba. Basi mashuka yangu yakageuka nyasi. Shuka moja kwa mama wa jirani aliyekuwa anaoza binti yake, kwa mizigo ya nyasi mpaka aseme mwenyewe imetosha. Shuka lingine kwa mwenye ng'ombe, samadi. Yakaenda sita hivyo. Kijiji kikacheka. Walinipa jina, Mama Mashuka. Mwanamke mmoja alinipigia kelele toka barabarani, "Mama Mashuka! Migomba yako leo inalalia nini?"

"Inalalia nyasi," nikamjibu. "Na wewe?"

"Mimi nalalia shuka lako, waitu, ndugu yangu!" Kweli, alikuwa nalo.

Kwa baba mdogo nilikwenda kuomba ruhusa, nikapiga magoti kama inavyotakiwa. Akafikiri. Mwanamke kwetu hapandi mti kwenye kibanja cha ukoo, maana mwenye mti ana neno juu ya ardhi. Akasema, "Kamba siyo mti. Zitunze." Halafu akanionyesha vimiche vya mikaratusi alivyoviweka kivulini kwenye vifuko vya nailoni. "Lakini kwa maua ya mwakani tu. Zisipozaa nang'oa mibono yote, napanda hii. Nguzo za mikaratusi zina soko hata korona ikae miaka kumi."

Mama aliposikia hakula siku hiyo. Mkaratusi unakunywa maji. Ukipandwa karibu na migomba, migomba inakonda mpaka inakufa, na mwanamke asiye na migomba kwetu hana pa kukaa. Hakuna atakayemfukuza. Atahama mwenyewe kwa njaa. Mimi na mama tulijua hilo, na yeye alijua kwamba tunajua.

Basi tukateremsha kamba. Unaishusha taratibu isivunjike, unaikunja, sehemu moja unailaza chini kwenye nyasi zilizooza ili itoe mizizi, nyingine unairudisha juu ya mbono kimo cha kifua. Ndipo nilipoanza kushangaa, na sijamaliza. Nilikuwa nikifunua nyasi asubuhi, chini yake kuna joto. Joto la kitu hai, kama ubavu wa mbuzi. Udongo ambao nilifika nikaukuta mwekundu na mgumu umekuwa mweusi, unanukia, una minyoo minene kama kidole cha mtoto. Shuka la nyumba ya wageni liligeukaje kuwa kitu hiki? Nilikuwa nakaa nimechuchumaa, mkono umo ndani ya nyasi, mpaka mama ananiita, "We, unapapasa nini humo?"

Mwaka wa pili ugonjwa ulipanda kutoka mjini ukatufikia. Redioni walisema changamoto ya upumuaji. Sisi tulisema kile kitu. Watu wakaja kwenye mlimau wetu kuchuma majani na malimau ya kujifukiza, na mama hakumzuia mtu, mpaka mti ukabaki miiba mitupu. Mti wa kijani mzima ukawa kama nungunungu.

Na mimi nikaugua. Siku nane. Ukitaka kujua pumzi ni kitu gani, subiri uitafute. Mama alinifunika shuka, akaweka chungu cha majani ya limau ya mwisho mwisho chini ya pua yangu, akawa anasema, "Vuta. Sasa toa. Vuta. Nani alikwambia upumzike?" Nilikuwa naona mwanga mweupe wa shuka tu na mvuke. Sikuona malaika, sikuona baba. Siku ya tisa nikaomba uji. Wengine niliougua nao wiki ile hawakuomba tena kitu. Kwa nini mimi? Sijajua mpaka leo.

Nilitoka nje nimeshika ukuta. Ilikuwa asubuhi, mvua za masika zimeanza kudondoka. Mama alinishika kiwiko, akanipeleka polepole mpaka kwenye mbono wa kwanza. Pale kwenye kamba, mahali palipokuwa na vichipukizi kama vidole vya kijani, kimoja kilikuwa kimefunguka. Ua. Rangi yake siyo nyeupe, siyo njano, siyo kijani, ni kama maziwa yaliyomwagikia jani. Lilikuwa limefunguka alfajiri ile, na saa sita mchana linafunga. Halifunguki tena.

"Asubuhi moja tu?" nikauliza.

"Asubuhi moja tu. Na halina nyuki wake hapa kwetu. Nyuki wake walibaki lilikotoka."

Mama akavunja mwiba kwenye mlimau. Alikuwa na vidole vilivyopinda kwa uzee, hata kushika sindano alishindwa. Lakini alilishika lile ua kwa mkono wa kushoto kama unavyoshika kidevu cha mtoto mchanga, akachana mdomo wake kidogo kwa mwiba, akanyanyua kijingozi kilichomo ndani, kidogo kama ukucha wa kuku, na kwa dole gumba akabonyeza unga wa ua kwenye tumbo la ua. Basi. Pumzi moja. Aliachia, akaangalia, akatabasamu.

"Tayari. Ameolewa."

Zamani bwana shamba alikuja akawafundisha, akaita kuchavusha. Mama neno hilo lilimshinda, akaita kuozesha. Na Kiswahili hiki tulichojifunza ukubwani kina mambo yake, maana kuozwa na kuoza ni mlango mmoja. Ua lisipoozwa, linaoza. Kesho yake unalikuta chini, limelowa, kama kitambaa cha jikoni. Lakini likiozwa linanyauka huku limeng'ang'ania shingo, na shingo inaanza kurefuka. Baada ya miezi tisa unavuna. Miezi tisa, kama mtoto wa mtu! Nilipoambiwa hivyo nilikaa chini.

Kila shada lina vichipukizi kumi na tano, ishirini, na kila siku kinafunguka kimoja. Kwa hiyo msimu wote ni kama mwezi mmoja na nusu wa asubuhi. Asubuhi ukiikosa imekwenda. Siku tano za kwanza tulioza mimi na mama toka jua linatoka mpaka migongo inakataa.

Siku ya sita akafariki jirani yetu wa juu, yule mama aliyekuwa wa kwanza kunibebea nyasi.

Sasa mila yetu ni hii. Mtu akifa kijijini, jembe linalala. Hakuna wa kwenda shambani mpaka azikwe na siku tatu ziishe. Ukionekana kibanjani umedharau marehemu, na siku yako hakuna atakayekuja kukuzika. Waliniletea habari na ombi moja kwa pamoja. "Mama Mashuka, huna shuka moja la kumsitiri?" Nikatoa. Tukaenda msibani, tukakaa. Asubuhi ya kwanza, ya pili, ya tatu, nimekaa kwenye majani ya migomba na wanawake wenzangu, na ninajua pale nyumbani yanafunguka. Nilikuwa nayasikia. Sitanii. Siku ya nne nilikuta chini ya mibono pamelowa maua.

Wiki haijaisha, msiba wa pili. Mzee wa upande wa barabarani. Shuka lingine. Safari hii nilimwambia mama, "Mae, mimi kesho naenda. Jembe sishiki. Nashika mwiba." Nikaenda jua linachomoza, nikaoza maua manne, na nilipogeuka baba mdogo alikuwa amesimama kwenye migomba, ameshika fimbo.

Hakunisema pale. Alingoja tufike msibani, watu wamejaa, akasimama katikati.

"Ndugu zangu," akasema, "tuna bibi harusi hapa. Muulizeni mtoto wa kaka yangu alikuwa anafanya nini asubuhi."

Watu wakanigeukia.

"Sema. Mlikuwa mnafanya nini na mama yako hizi siku? Mnaitaje?"

Nikasema, kwa sababu nilikuwa mjinga na sikuona mtego, "Tunaozesha maua."

"Mmesikia! Anaozesha! Marehemu hajazikwa, yeye ana harusi! Ngoma iko wapi? Mbona hukutualika pombe?"

Wengine walicheka kwa kuziba mdomo, na hicho kicheko cha msibani kinauma kuliko kofi. Neno la mama, neno la mapenzi, limegeuzwa kisu. Angalisema nimelima, ningejitetea, jembe sikuwa nalo. Lakini harusi msibani ni mwiko mkubwa kuliko jembe. Niliinama, nikaomba radhi kwa wafiwa kwa magoti. Siku tatu nyingine zikaoza. Njiani nilimwona akipita kwenye vifuko vyake vya mikaratusi, anavimwagia maji kwa kopo, taratibu, kimoja kimoja.

Hesabu ya mashada ilikuwa wazi. Zaidi ya nusu ya msimu imepita, na maua mengi yameanguka chini. Yaliyobaki yalikuwa vichipukizi vya wiki mbili, na kama hayo nayo yakienda, mama yangu atazeekea kwenye mikaratusi.

Halafu akaugua baba mdogo.

Alikuja mama mdogo, mke wake, mwanamke mnyamavu ambaye sikuwahi kumsikia akimaliza sentensi mbele ya mumewe. Alisimama chini ya mlimau akiuangalia. "Hakuna hata jani?" akasema. Hakukuwa na jani. Mama alikata matawi machanga yenye gome bichi akampa. Tulisikia kikohozi chake siku nne ng'ambo ya migomba. Kweli nilitamani afe? Niliwahi kujiuliza hivyo hivyo, na nitaandika ukweli, nilitamani apone, ila apone baada ya wiki mbili.

Alifariki siku ya tano alasiri. Nikatoa shuka bila kuombwa.

Akazikwa kesho yake, humo humo kibanjani, hatua chache kutoka mibono ya vanila. Usiniulize kwa nini pale, wazee ndio walioonyesha. Na mimi nikaamua sitagusa ua. Aliyenikataza amelala, watoto wake wametoka Mwanza na Bukoba, wananiangalia. Mama alisema, "Tumwache Mungu aoze mwenyewe." Siku iliyofuata maziko nilikaa mbele ya nyumba ya marehemu pamoja na wanawake wengine, jua linachomoza, mgongo wangu nimeupa mibono makusudi.

Mama mdogo akatoka ndani. Amefunga kitambaa cha msiba kichwani, miguu haina viatu. Tukadhani anakwenda kaburini, wawili wakainuka wamshike. Akapita kaburi. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mlimau, akaanza kuvunja miiba, tak, tak, anaiweka kwenye kiganja. Akarudi akasimama mbele yangu.

"Nionyeshe," akasema.

"Mama mdogo, msiba…"

"Msiba ni wangu. Nionyeshe."

Mzee mmoja wa ukoo pale motoni akakohoa. "Waitu, shemeji, mila…"

Na hapo nikamsikia kwa mara ya kwanza akimaliza sentensi, tena siyo moja. "Mila inasema jembe. Mwaona jembe? Mume wangu ameuza maua ya kahawa tangu nimeolewa. Kila mwaka naona maua, sijawahi kuona tunda likiwa langu. Nimezaa watoto sita chini ya mibuni ya mtu wa mjini. Leo nataka nione ua moja limeolewa kabla sijafa. Kama ni harusi, basi ni harusi. Mfiwa ni mimi, na mimi nimeruhusu."

Yule mzee aliinama, akainua gome la kuni pale motoni, akaliangalia kama alikuwa ameliangusha yeye. Akasema kwa sauti ya chini, "Mimi sioni jembe." Na mzee wa pili, "Hata mimi macho yangu siku hizi…"

Wakainuka wanawake. Sikuwaita. Aliinuka yule aliyekuwa analalia shuka langu, akainuka binti wa yule marehemu wa kwanza, wakaenda kwenye mlimau, kila mmoja na mwiba wake. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyepiga kelele, watu wote na vitambaa vya msiba. Mama yangu alipita mbono hadi mbono akiwaelekeza, "Shika kidevu. Usimkabe! Nyanyua kijingozi. Bonyeza. Ameolewa. Haya, mwingine." Mimi nilikuwa nimesimama tu. Mikono iliyonibebea nyasi, sasa inashika ua. Umande ulikuwa bado, migomba inadondosha matone, na kaburi bichi liko pale pale, tunalizunguka kwa heshima. Nimeishi mjini, nimeona meli ikiingia na taa zote, nimeona ndege ikitua kando ya maji. Sijawahi kuona kitu kama asubuhi ile. Nilisikia pumzi yangu mwenyewe, ikiingia, ikitoka, nikakumbuka, nani alikwambia upumzike?

Walikuja asubuhi zote zilizobaki.

Mwezi wa kumi na mbili tukavuna. Tulingoja mpaka ncha ikawa njano, ingawa wanunuzi walipita mapema wakitaka mbichi na jirani wakituambia zitaibiwa. Nilitoboa kila tunda alama yangu kwa mwiba likiwa changa, ili likiibwa lijulikane, kovu likakua nalo. Ninyi mnaoweka kitu chenu mahali mkitaka kizae mara mbili wiki ijayo, njooni mshike tunda la vanila mbivu. Limebeba asubuhi moja, na miezi tisa ya kutogusa. Yakauzwa. Yalitosha bati la mama, mbuzi wawili kwa ajili ya samadi, na kumrudishia mnunuzi wa mjini fungu lake ili kahawa ya mwaka uliofuata ivunwe na wenyewe. Alikubali kwa shingo upande. Huyo ni wa nne, na bado anapita kila maua yakitoka, anasalimia kwa adabu sana.

Vimiche vya mikaratusi mama mdogo alivibeba mwenyewe akavipanda mbali, ukingoni mwa rweya, kwenye mawe. Vinaendelea vizuri huko, havimdhuru mtu. Kwenye kikao cha ukoo walituuliza nani ametupa ruhusa ya kubaki na kamba. Mama mdogo akasema, "Kamba siyo mti. Marehemu alisema mwenyewe." Kikao kikafungwa.

Wa tano ni mimi. Nilipoinama pale msibani na kuomba radhi, niliacha maua ya siku tatu yaoze kwa sababu ya kicheko. Nalitaja na hilo.

Baba mdogo sijamsamehe. Lakini nikitandaza nyasi nafika kwenye kaburi lake, na udongo ukiuacha wazi jua linaula, basi natandaza na hapo. Msimu uliopita kamba moja iliinama ikapita juu ya msalaba wake, ikatoa shada upande wa kule. Tulikuwa msibani tena, mtu wa kijiji amefariki, wanawake wameingia na miiba yao kama ilivyo desturi siku hizi. Ua lilikuwa limefunguka juu ya kaburi kabisa. Nikasita.

"Hili nani anaoza?" nikauliza.

Mama mdogo alikuja akaliangalia, akashika kiuno. "Liko uwanjani kwake. Muombe ruhusa."

"Ya harusi?"

"Mwambie ngoma haipo."

Alicheka mpaka akashika mbono. Nikamwangalia, nikauangalia msalaba, jua limeshafika kifuani mwa migomba na ua halimngoji mtu. Nikalishika kidevu.